Chumvi Aliyoniagiza Mke Wangu

Nyuma ya ghala letu hapa Samuye kuna mti wa Krismasi wa plastiki umelala ubavu. Mguu wake mmoja umevunjika, na matawi yaliyokuwa ya kijani yamepauka kwa jua mpaka yanafanana na majivu. Mbuzi wa jirani walikuja siku moja wakautafuna kidogo, wakautema, wakaenda zao. Mke wangu hataki niuchome moto. Anasema moshi wake utaua kuku. Basi uko pale pale, na kila nikienda kutafuta kamba au jembe nauona.

Niliununua mwaka juzi, siku chache kabla ya Krismasi, kwa fedha iliyotokana na miti ya kweli. Naandika habari zake sasa kwa sababu sikukuu inakaribia tena, na barabarani watu wameanza kupita na mizigo.

Asiyetoka huku huenda haijui ngitili. Ni kipande cha malisho ambacho familia hukifunga mvua zinapokatika. Haingizwi ng'ombe, haliingizwi shoka. Majani yanakauka yakiwa yamesimama, miti inakomaza maganda yake, na yote hayo yanawekwa akiba. Kiangazi kikishakaza, ng'ombe wenye nguvu wanapelekwa mbali kutafuta malisho, na ngitili inafunguliwa kwa wale wasioweza kusafiri: ndama, maksai waliochoka, na jike aliyezaa karibuni. Baba yangu aliniachia ngitili upande wa bondeni, yenye migunga mikubwa na mikwaju michache. Hakuniachia maneno mengi. Aliniambia tu niifunge kwa wakati wake na niifungue kwa wakati wake.

Katika boma letu ng'ombe mmoja alikuwa wa mke wangu. Wengine wote walihesabiwa kuwa ni wangu, mwenye kaya, hata wale aliowatunza yeye. Lakini huyu, mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, alikuwa uzao wa mtamba aliopewa na baba yake tulipopata mtoto wa kwanza. Maziwa yake mke wangu aliyagandisha mwenyewe, akayasuka kwenye kibuyu, akapata samli, akaiuza mjini. Chumvi ya nyumba, sabuni, sare za watoto wakati wanasoma, vyote vilitoka kwenye kibuyu kile. Kwa sababu ya ng'ombe yule mke wangu hakuwahi kunyoosha mkono kwangu kuomba. Nililijua hilo miaka yote na sikulipa uzito wowote.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye sahani. Krismasi ya mwaka uliotangulia, mwanangu mkubwa alikuja na mkewe na watoto. Yeye anakaa Bugarama, ana karasha, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Mkewe ni mtu wa Geita mjini, kwao wana maduka. Waliposhusha mizigo, mkwe wangu akatoa boksi la sahani mpya, nyeupe, akampa mama mkwe wake mbele ya watu.

"Mama, nimekuja na hizi, tusikusumbue," alisema.

Nilisikia vibaya sana. Nikaona binti huyu anachukia kula kwenye vyombo vyetu. Walipoondoka nilimwambia mke wangu asizitumie, azisukume chini ya kitanda.

"Sahani zimekukosea nini?" aliniuliza.

"Zimetudharau."

"Sahani haiwezi kumdharau mtu, mzee. Ni udongo tu."

Mwaka mzima nilitembea na boksi lile kichwani. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, nikafanya kazi ya ukarani katika ununuzi wa pamba, nimevaa suruali ya kupigwa pasi wakati wenzangu wanatembea na mashuka. Iweje nyumba yangu ionekane haina sahani? Nikaapa kwamba Krismasi inayofuata mkwe wangu ataingia ndani atafute pa kukanyaga asipaone kwa wingi wa vitu.

Mwezi wa kumi na moja ilinyesha mvua ya udanganyifu. Vumbi lililala, mashamba yakanukia, watu wakatoa majembe. Ndipo akaja mchoma mkaa, mtu mzima mwenye kirikuu yake, kigari kidogo cha mizigo, akasimama kwenye ukingo wa ngitili akiitazama migunga jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe mnadani.

"Mzee, huu mgunga ndio mkaa wenyewe," alisema. "Kule machimboni mama ntilie wanaupigania. Ukiupata huu, maharage yanaiva bado unapiga soga."

"Ukate mikubwa tu," nilimwambia.

"Mikubwa tu, mzee. Hii midogo nikakate ya nini? Si nitakuwa sina akili?"

Mke wangu alikuwa akirudi kutoka kukamua. Ng'ombe wake alikuwa amezaa wiki zile zile, naye na ndama wake ndio waliokuwa wakila mle ngitilini. Alitua ndoo ya maziwa chini.

"Na huyu mama mzazi atakula nini?"

"Mvua imeshaanza. Wiki ijayo majani yatakuwa yamejaa kila mahali."

"Mvua imeanza au imepita?"

Mchoma mkaa akacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu kulikuwa na mgeni na sikutaka aone kwamba nyumbani kwangu naulizwa maswali.

Alikata mikubwa, kisha akakata midogo ya kuwashia, kisha ya kufunikia tanuri. Udongo wa tanuri ulichimbwa mle mle. Kirikuu yake ilipita juu ya majani makavu ikienda na kurudi mpaka ikafanya barabara, na siku moja upepo ulilichokonoa tanuri, moto ukala sehemu iliyobaki. Nilikwenda kuangalia nikakuta ardhi nyeusi, ng'ombe mwekundu amesimama kando na ndama wake, akinusa. Nilijiambia mvua itaisafisha. Fedha ilikuwa mfukoni tayari.

Asubuhi ya kwenda mjini nilimuuliza mke wangu anataka nimletee nini cha sikukuu. Nilitegemea aseme kitenge au viatu.

"Niletee jiwe la chumvi," alisema. "La kulamba ng'ombe. Anakula udongo, amepungukiwa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Nilipofika mjini, mtaa wa Kambarage, niliingia kwenye duka la mfanyabiashara mmoja ambaye wazee wake walitoka pwani. Ni mtu mwenye ulimi mtamu, kofia yake safi daima.

"Shikamoo mzee wangu! Karibu, karibu. Naona leo umekuja na gari, basi leo duka litahama."

"Marahaba. Nahitaji makochi."

Nilinunua makochi ya kitambaa cha mahameli, mekundu. Nilinunua meza ya kioo, maua ya plastiki, taa za kumetameta za kutumia sola, zulia, seti ya glasi zenye maua ya dhahabu. Kwa ajili ya wajukuu nilichukua miwani ya jua ya plastiki, saa ambazo mishale yake imechorwa tu, na viatu vinavyowaka taa kisiginoni mtoto akikanyaga. Mwisho yule bwana akanishika bega, akanielekeza kwenye kona uliposimama ule mti wa plastiki.

"Na huu je, mzee? Watoto wakiingia wakaukuta huu, nakwambia hawatataka kurudi kwao."

"Unakaa muda gani?"

"Huu? Huu hauozi, baba. Wewe na mimi tutaoza, huu utatukuta."

Tulicheka wote, na wasaidizi wake wakacheka. Nikauchukua.

Duka la pembejeo liko mtaa wa pili. Tulipita mbele yake nikiwa nimekaa na dereva wa gari nililokodi, nikayaona mawe ya chumvi yamepangwa nje mlangoni, ya rangi ya waridi, makubwa kama matofali. Wengine wangesema nilisahau. Sikusahau. Nilifikiria jiwe lile likae wapi, nikaona litachafua makochi. Nikamwacha dereva aendelee.

Nyumbani majirani walijaa kushusha mizigo. Mke wangu alisimama mlangoni, akaangalia kila kitu kikipita, mpaka gari likabaki tupu.

"Chumvi iko wapi?"

"Nakuletea makochi ya mahameli, wewe unaniuliza chumvi?"

Watu waliangua kicheko. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, rafiki yangu tangu ujana, alicheka mpaka akashika nguzo. "Mama, nenda ukamkalishe ng'ombe kwenye kochi!" alisema. Mke wangu akatabasamu kidogo kwa ajili ya watu, akaingia jikoni.

Siku ya Krismasi mwanangu na familia yake walifika mchana baada ya ibada. Watoto walivaa miwani, wakakimbia na viatu vyao vya taa, na kabla jua halijageuka kiatu kimoja kilikuwa kimeachama na saa zote zimepotea vumbini. Ndani, chini ya bati, mahameli yalichoma kama blanketi la mgonjwa wa homa. Mwanangu alikaa muda wa kumaliza soda, akafuta shingo, akasema, "Baba, tutoke nje, ndani kuna joto." Wakakaa kwenye upenu, juu ya mkeka na vigoda vile vile vya siku zote. Mti wa plastiki ulibaki ndani ukimetameta peke yake.

Mkwe wangu alikuwa na haja moja.

"Mama, mwaka mzima nawasimulia hawa watoto habari ya maziwa yako. Yapo?"

Mke wangu akaleta kibuyu. Hakikujaa hata nusu. Akawagawia watoto kwa kata, kidogo kidogo, wakalamba midomo, wakanyoosha vikombe tena.

"Ndiyo hayo, wanangu. Malisho mwaka huu yamekuwa finyu," alisema, na hakunitazama.

Kisha mkwe wangu akaona kuku na wali vinapakuliwa kwenye glasi zangu, bakuli na vifuniko vya sufuria, kwa kuwa wageni walizidi vyombo.

"Kwani zile sahani zilivunjika, mama? Mwaka ule niliona unalisha watu kwa zamu, wewe unakula mwisho umesimama jikoni. Ndiyo maana nilipanga nije nazo."

Mke wangu akasema, "Zipo, mwanangu. Ngoja." Akaenda akazivuta kutoka chini ya kitanda, akazifuta vumbi kwa khanga, akazileta. Nilikula kwenye moja ya sahani hizo. Sikumbuki ladha ya chakula.

Baada ya sikukuu jua liliwaka kama lililoapishwa. Ile mvua ya kwanza haikurudi. Mahindi yaliyokuwa yameota yalijikunja. Kila aliyekuwa na ngitili aliwaingiza wanyama wake wadhaifu, akawatikisia migunga maganda yakaanguka. Mimi nilikuwa na visiki. Ng'ombe wa mke wangu alinyonywa na ndama na hakuwa na cha kurudisha mwilini. Mbavu zikatoka, kisha nyonga, kisha asubuhi moja hakusimama.

Kulipokucha kila siku majirani walikuja kumwinua. Wawili wanapitisha mti chini ya tumbo, mmoja anashika mkia, mwingine pembe, wanamsimamisha, anatetemeka, anatembea hatua chache. Walikuja bila kuitwa. Nao walipita pembeni ya visiki vyangu kuja.

Nilijaribu kununua mashudu na pumba, lakini fedha yangu yote ilikuwa imekaa sebuleni, na ng'ombe wangu waliopelekwa malisho ya mbali walikwisha huko huko kwa ukame. Nikakodi gari, nikapakia makochi na mti, nikarudi Kambarage. Yule bwana alinipokea kwa heshima ile ile.

"Mzee wangu, shikamoo. Imekuwaje?"

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, na uso wake uliingia huzuni ya kweli. Kisha akanyoosha kidole kwenye maandishi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

"Ningekuwa na mteja ningekusaidia, wallahi. Lakini mzee, Januari hii nani anunue mti wa Krismasi? Watu wanatafuta ada na unga."

Nilimpigia mwanangu. Alisema duara, lile shimo la dhahabu walilolitegemea, halijatema kitu tangu sikukuu, karasha limesimama, na yeye mwenyewe anakula kwa mkopo. "Baba, si ungeniambia mapema?" alisema. Mapema ipi? Mapema nilikuwa nashindana na mkewe, naye hakuwa na habari kwamba kuna mashindano.

Niliporudi na gari limejaa vile vile, nilimkuta mke wangu juu ya paa la jiko. Jiko letu lilikuwa la nyasi. Alikuwa anazing'oa, shada baada ya shada, nyeusi kwa masizi, anazirusha chini. Kisha akateremka, akazikung'uta moja moja kwenye goti lake, akazilowesha kwa maji yenye chumvi ya jikoni, akampelekea ng'ombe wake. Ng'ombe alitafuna polepole. Nikapanda kumsaidia.

"Shuka," alisema. "Utavunja fito."

Hayo tu ndiyo aliyoniambia siku ile. Kupitia dirisha niliona taa za kumetameta zinawaka, nyekundu, bluu, nyekundu. Nilikuwa nimesahau kuzizima.

Nyasi za paa hazikutosha. Ng'ombe alikufa akiwa ameegemea ukuta wa boma, na mke wangu ameshika pembe yake. Ndama alikuwa dume, tukamuuza kwa mchinjaji kabla naye hajalala. Uzao wa yule mtamba ukaishia hapo. Mvua ilikuja siku zisizo nyingi baadaye, mvua kubwa, ikakuta jiko halina paa, ikazima moto mafigani.

Ngitili ingekuwa ya kijiji, wazee wa baraza letu la jadi wangenitoza faini, ningelipa, ningelaumiwa, tungekula pamoja yakaisha. Lakini ilikuwa yangu. Hapakuwa na wa kunihukumu. Mke wangu naye hakunihukumu. Kibuyu cha kusukia alikiosha, akakitundika ukutani juu ya makochi, na sasa sabuni ikiisha anasimama mlangoni na kusema kwa sauti ya mgeni, "Mzee, naomba fedha ya sabuni." Kila anaposema "naomba" nasikia lile gari la mkaa linapita.

Mwezi huu nimeona moshi ng'ambo ya barabara. Jirani yangu, yule aliyecheka akishika nguzo, ameingiza wachoma mkaa kwenye ngitili yake. Nilikwenda asubuhi, nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka. Karibu. Umekuja kuazima shoka?"

"Nimekuja kukuomba uache. Wewe ndiye uliyekuwa unashika mkia tukimwinua yule ng'ombe. Umesahau?"

"Sijasahau. Ila mke wangu tangu aone nyumba yako ilivyong'aa ile Krismasi sina raha. Watoto wananiuliza, kwa mzee wa pale kuna taa, sisi lini?"

"Makochi yale hayakaliwi. Panya wamezaa ndani. Njoo uyachukue bure."

"Ya panya?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Wewe rafiki yangu umeshakaa kwenye kochi, ukachoka nalo. Sasa sisi unatuambia vigoda vinatutosha."

Nilitaka kumwambia kwamba kabla ya kununua kitu amuulize mkewe anataka nini, na akishamuuliza amsikie. Nilitaka kumwambia aangalie kitu kile kitalala wapi kikishachakaa, na kimetoka kwenye kitu gani. Hata nilipoyapanga kichwani niliyasikia yalivyo mepesi yakitoka mdomoni mwangu. Nyuma yake mgunga ukaanguka. Nikaaga.

Mwanangu naye amepiga simu. Duara limetema, wanakuja, na anatuletea jokofu. Nilimwambia tusiletewe kitu, waje na miili yao tu. "Baba, acha uzee," alisema akicheka. "Sikukuu bila kitu ni sikukuu?"

Juzi nilikwenda Kambarage. Nilimuuliza mke wangu nimletee nini.

"Chochote," alisema.

Nilipita duka la makochi bila kugeuza shingo. Niliingia duka la pembejeo, nikanunua jiwe la chumvi, la rangi ya waridi. Nililibeba mapajani kwenye bodaboda njia nzima, nikalishika kwa mikono miwili. Sijui nilitegemea nini. Labda kwamba atanigombeza, hatimaye, kwa sauti kubwa, majirani wasikie.

Nilimkuta anapepeta mtama. Nikaliweka jiwe mbele yake. Aliligusa kwa kidole, akakilamba kidole, akajua.

"La ng'ombe yupi?" aliuliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Alisubiri kweli jibu, kama huenda nina ng'ombe mahali ambaye hajaambiwa. Kisha aliliinua, zito lile, akavuka nalo barabara. Nilimwona analikabidhi kwa mke wa jirani, ambaye ana ng'ombe aliyezaa juzi, na nyuma yao moshi wa tanuri ulikuwa unapanda. Akarudi, akaketi, akaendelea kupepeta.